Marceline Kalenga, Mama wa Shule Kumi na Moja, na Maji ya Mlangoni

Ndugu wa karibu na wa mbali, nitasoma haraka hapa makaburini. Wingu limekwisha kusimama juu ya Panda, na marehemu hakupenda kuona watu wamepangwa mahali bila sababu. Mwenye mtoto mgongoni asogee chini ya turubai. Mimi ni Arsène Banza, kitinda mimba wa nyumba yetu. Marehemu dada yangu alinichagua nisome kwa kuwa, alisema, sina adabu ya kutosha ya kuficha mambo.

Marceline Kalenga Banza alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa hapa Likasi, wakati mji ungali unaitwa Jadotville. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Baba Barthélemy Banza, mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, na Mama Suzanne Ngoie, aliyeuza sokoni samaki wakavu wa Tshangalele. Baba alirudi kutoka kazini mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi viatu. Marceline, akiwa na miaka saba tu, alimzuia mlangoni na kitambaa chenye maji: “Baba, usiingie, uko na chokaa mu masikio.” Baba aliwaambia wenzake kwamba ana makapita wawili, yaani wasimamizi wa kazi, mmoja machimboni na mwingine nyumbani, na kwamba yule wa machimboni angalau hulala.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, akamaliza mwaka 1958. Vurugu za uhuru na za kujitenga kwa Katanga zilimkalisha nyumbani miaka miwili, na miaka hiyo aliitumia kutukagua kucha sisi wadogo zake. Baadaye alipelekwa Lubumbashi kusomea uuguzi, akapata diploma yake Julai 1968.

Kazi aliianzia kwenye zahanati ya Kakanda, akafunga vidonda vya wachimbaji kwa miaka kumi na moja. Mwaka 1979 parokia zikamwita kusimamia afya na usalama katika shule zao zote: shule kumi na moja, kutoka Kikula hadi Panda, watoto zaidi ya elfu saba. Ofisi alipewa, lakini sidhani kama kile kiti kilipata kumjua. Alikuwa na mobileti, kipikipiki kidogo, na mafuta yalipokosekana akawa na miguu. Kila asubuhi alitokea shule ambayo haikumtarajia. Alitazama macho ya watoto, vyoo, nyaya za umeme, kitasa cha lango, mahali mpika chai anapotoa maji yake. Wakurugenzi wa shule walimwogopa kuliko mkaguzi wa serikali, kwa sababu mkaguzi hunywa soda, akashukuru, akaenda zake.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na Mwalimu Eugène Kyungu, ambaye amekaa hapa mbele yenu. Wale waliokuwepo kanisani wanakumbuka kwamba bibi harusi alisimama katikati ya njia, akainama juu ya mtoto aliyebeba maua, akamfunua jicho, akamwambia mama yake: “Hii ni surua. Mupeleke nyumbani, na bale alicheza nabo niwaone kesho.” Kisha akaendelea hadi altareni. Eugène anasema aliogopa kidogo, lakini alikuwa amekwisha kulipia suti.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mliniomba niparuke. Siparuki. Waswahili husema mficha ugonjwa, kifo humuumbua, na yeye aliyasema haya kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wazazi.

Mnajua jinsi mji huu ulivyoporomoka baada ya uporaji wa 1991. Serikali iliacha kulipa walimu, bomba zikakauka, na chuma chochote ambacho hakikushikwa na mtu kikauzwa kama mitraille, chuma chakavu. Vifuniko vya chuma vya mashimo ya maji machafu viling'olewa hata ndani ya viwanja vya shule. Marceline alifunika mashimo kwa mbao, watu wakaiba mbao kwa kupikia. Akafunika tena. Tarehe 12 Oktoba 1994, katika shule moja ya Kikula, Providence Kabamba, msichana wa darasa la nne, alirudi nyuma akifuata mpira na kuanguka ndani ya shimo lililokuwa na mbao jana yake. Alifariki siku hiyo hiyo.

Desturi yetu ni kwamba mwanafunzi akifa, darasa lake humsindikiza. Watoto walikwenda na yunifomu zao, wakaimba, na Marceline akaongozana nao. Waliporudi kutoka makaburini, mlangoni pa nyumba ya kilio palikuwa na beseni, kama kwenu, kama kwetu. Mtu anayetoka kuzika hunawa kabla ya kuingia, asije akabeba kifo mikononi. Watu wote walikuwa wananawa katika maji yale yale. Ndani, bukari, ugali wetu, na samaki vilikuwa tayari, vya kuliwa kwa mikono.

Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kusikika upande wa stesheni. Marceline aliliona beseni akajua. Alisimama pale, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mama Mathilde, mama yake Providence, akamshika mkono na kumwambia: “Nawa, Mama Infirmière. Na batoto banawe bote. Mutoto yangu asiende kama muntu ule bantu banaogopa.”

Mwanamke aliyesimamisha harusi yake kwa ajili ya jicho la mtoto alishindwa kumwambia mama huyu hapana. Mtoto alikuwa amefia katika kiwanja kilicho chini ya ulinzi wake, angemkatalia nini tena? Aliingiza mikono, akawa wa kwanza katika kundi lake, na darasa zima likamfuata.

Siku chache baadaye watoto walianza kuhara na kutapika. Marceline alilala nao katika wodi, akawanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Watatu hatukuwaokoa, wakafariki. Hakuna aliyejua kwa hakika kama ni maji ya beseni, au kisima, au samaki. Yeye hakutaka kusikia habari ya kisima.

Alifunga shule zote kumi na moja, na ninyi mlimtukana. Walimu walikuwa wanakula kile wazazi wanacholeta. Mlango wa shule ukifungwa, sufuria nayo imefungwa. Eugène, mwalimu kama wengine, alimwuliza mezani: “Unatufunga mupaka lini?” Akajibu: “Mupaka nitakapoacha kuzika,” na meza yenyewe haikuwa na kitu. Shule zilipofunguliwa, alitoa amri mbili. Beseni marufuku: mtoto mmoja anamwaga maji kwa jagi, mwenzake ananawa, maji yanaanguka chini. Na hakuna darasa litakalokwenda tena kwenye mazishi.

Amri ya pili ndiyo iliyomletea chuki. Mzazi mmoja alimwinukia mkutanoni: “Uko mama gani, weye? Unakatazia batoto kulilia mwenzabo?” Marceline alikuwa anatembea mbele ya ubao, huku na huku, kama kawaida yake. Akasimama. “Ile beseni nilionaka,” akasema, “na nilinyamazaka. Kosa ni yangu. Haina ya Mama Mathilde. Mutu asimuguse ule mama na kinywa yake.”

Lakini Mama Mathilde hakuwepo kwenye mkutano ule. Alichosikia, kwa njia ya soko, ni kwamba beseni lake liliua watoto wa watu, na kwamba Marceline alilijua tangu mlangoni. Kwa miaka minne hakumsalimu dada yangu. Wakikutana, mmoja alivuka barabara, na mara nyingi alikuwa Marceline, ili mwenzake asipate taabu ya kuvuka. Nilimwambia aende kwake amalize. Alinijibu, “Nikienda, nitaenda kutafuta kupona kwangu, si kwake.” Nilikasirika, na hata sasa sijui nani alikuwa na haki.

Kisukari kilimshika mwaka 1996. Aliendelea kuzunguka shule na kidonda mguuni, akiwakemea watoto wasiovaa viatu. Tangu vita vya Agosti mwaka huu dawa imekuwa ya kubahatisha, na mwili wake haukuweza kubahatisha. Wiki ya mwisho hakuweza kusimama. Vidole vyake ndivyo vilivyotembea juu ya shuka. Alinivuta karibu: “Arsène. Batoto ya masomo basikuye kunizika minye. Leo ni minye, kesho watasema hata mukubwa alivunja amri. Na ku mulango, beseni hapana. Unasikia? Hapana.” Alifariki Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Eugène. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Ndiyo sababu leo, Jumatano, siku ya masomo, hamwoni hapa hata yunifomu moja. Inaniuma. Nilitamani nione elfu saba wamejaza barabara hii, waimbe mpaka Shituru wasikie. Wako darasani, kama alivyotaka.

Wasifu uliochapwa katika programu unaishia hapo. Yanayofuata nayasema kwa mdomo, maana yametokea leo.

Jana mzee wetu Georges, kaka yake baba, aliyetoka Tshangalele kwa ajili ya msiba huu, alikataa katakata. “Matanga bila beseni? Bantu barudi na lufu ku mikono, baingie nayo mu nyumba ya watoto yake?” Lufu ni kifo, kwa asiyejua lugha ya wazee. Alisema upande wake hautakula chakula chetu, na ninawafahamu watu wa upande wake, hawatishi bure. Nilimheshimu, nikabishana naye, nikamheshimu tena. Tulilala bila kukubaliana. Asubuhi beseni lilikuwa limewekwa mlangoni, limejaa, na mimi sikuwa na nguvu ya kulimwaga mbele ya mzee.

Kabla hatujatoka na jeneza, Mama Mathilde alifika. Alikuwa na ndoo ya maji yaliyochemshwa na jagi la plastiki. Watu walimpisha. Aliinamia beseni, akalimwaga barabarani, akaligeuza kichwa chini. Mzee Georges akauliza huyu ni nani. Akajibu mwenyewe:

“Minye njo mama ya ile beseni, papa. Mama Infirmière alijuaka, na alitia mukono wa kwanza, ili asinipatishe haya mbele ya mutoto yangu. Miaka mine nilimukasirikia juu ya kujua kwake. Leo bantu yake batanawa ku mukono yangu.”

Mzee alimtazama sana, kisha akanyoosha mikono yake miwili, ya kwanza kabisa, naye akamwagia. Nililia mbele ya watu wote.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Eugène; watoto watatu, Carlos, Jenny na Tina; wajukuu watano; wadogo zake, mimi na Camille; na Mama Mathilde Kabamba, ambaye familia imeniruhusu kumtaja hapa kama dada.

Marceline, pumzika sasa kwa amani ya Bwana. Na ninyi, tukirudi nyumbani, mkifika mlangoni msisukumane: mmoja mmoja, mikono mbele, maji yaanguke chini.