Siku Niliyotakiwa Nimwite Aliyemuua Baba

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu nyote hamjambo. Kila aliyekaa humu amefiwa kama nilivyofiwa, kwa hiyo sitawazungusha.

Baba yangu aliuawa mchana, akipalilia mihogo yake huko bara ya Gongoni. Kosa lake lilikuwa mvi. Mtoto wa baba yangu mdogo alifiwa na mwanawe mchanga, akasema mzee ndiye mchawi. Akaja na panga. Mimi ndimi niliyemfunika baba kwa leso yangu, na leso haikutosha.

Muuaji akatoroka. Polisi walimtafuta wakachoka. Kaka yangu hakuchoka. Alinifuata kwenye mashamba ya chumvi, nilikokuwa kibarua.

"Namba yake mpya unayo," akaniambia. "Anakuamini, wewe ndiwe uliyemlea. Mwambie aje tupatane. Akifika, niachie mimi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikubali kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kwanza tangu mazishi.

Wifi yangu, mke wa huyo kaka, ni mwalimu wa sekondari. Alinikuta jikoni nimeshika simu, akaelewa. Hakunikemea. Aliketi, akanisimulia hadithi ya Wagiriki wa kale. Mfalme mmoja alimtoa binti yake kafara, mkewe akamuua kwa ajili hiyo. Mwana wao naye akalipiza, akamuua mama yake mzazi. Ndipo mizuka wa kike wa kisasi wakatoka chini ya ardhi, wakinusa damu, wakamwandama nchi kwa nchi.

"Wakamuua?" nikauliza.

"La. Kesi ilipelekwa barazani, ikasikizwa, ikaamuliwa. Na wale mizuka wakabembelezwa, wakapewa makao mjini, wakageuka walinzi wa watu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Wifi, ukimwita leo, mume wangu atakuwa muuaji. Na watoto wa yule wakikua, watawatafuta wangu."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Kisha tukafuatana hadi kituoni, nikawapa polisi ile namba.

Alikamatwa. Huko mahakamani Malindi nilisimama nikaeleza niliyoyaona, naye ameinamisha kichwa. Akafungwa. Nilidhani moyo utapoa siku ile. Haukupoa. Ile hasira ningali nayo hapa kifuani, ila nimeitafutia kazi: nikisikia mzee ametajwa kuwa mchawi, naenda kukaa mlangoni pake mpaka chifu afike. Wakija vijana na maneno yao, wananikuta mimi.

Wifi yangu, Mungu akulipe. Nanyi mlioketi nami mahakamani, bila kunihimiza nisamehe, asanteni. Aliye na damu ya mzazi moyoni nisimdanganye kwamba itakauka. Namwomba tu asiipeleke kwa panga.

Kaka yangu amenitamkia neno moja tu tangu hukumu: "Umeiuza damu ya baba." Hanisalimii. Tukikutana njiani huvuka upande wa pili. Nami husimama nikamtazama anavyokwenda, mzima, huru, mikono yake safi, na hapo humshukuru Mungu.