Maikrofoni Isiyosikika

Garimoshi lilikuwa na nafasi tele, lakini mzee mwenye kompyuta mpakato alikwenda kukaa ubavuni mwa binti aliyevaa fulana ya mafundi wa kompyuta. Mama mjane wa kiti cha nyuma akaikatiza sala yake. Mungu angemsamehe, masikio hayana mlango.

"Mwanangu alipokuja likizo aliniwekea mfumo mpya wa kompyuta, Linux," mzee alisema. "Kila kitu kinakwenda, ila maikrofoni imekufa. Tukipigiana kwa kompyuta, mimi namsikia, yeye hanisikii. Ananihimiza nitafute draiva, ile programu ya kuiendesha maikrofoni."

"Haijakufa, babu. Draiva ya mfumo wa zamani haifai huku. Inatakiwa inayolingana na chipu yako ya sauti. Lete niitazame."

"Betri imeisha."

"Basi pita dukani kwetu leo, nitakuwekea bure."

"Leo nina shughuli nyingi."

Mama akamtazama. Mwenye shughuli nyingi hatembezi kompyuta iliyozima.

"Babu wee!" binti akasema. "Unataka ipone au hutaki?"

Mzee akaikumbatia kompyuta. "Zamani nikisema tu 'hujambo, mwanangu', anajua niko mzima, anakata simu. Siku hizi namwandikia kwenye kadibodi, namwonyesha kwenye kamera. Mwandiko wangu mbaya, mjukuu wangu. Inambidi akae asome."

Binti akachukua mkoba wake. "Na siku ukianguka, babu, utaandika?"

Garimoshi likasimama. Binti akashuka huku akigeuka nyuma. Mama hakujua amwombee mzee nini: draiva ipatikane, au isipatikane.