Drili ya Pazia na Shingo Hamsini za Fundi Méthode

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Wewe uliye Umbilo, wewe uliye Glenwood, na wewe uliyekwama kwenye teksi pale taa za robot za Pinetown, mwambie dereva aongeze sauti. Leo tunamkumbuka fundi Méthode Niyonkuru, Mrundi, besi wa kwaya, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na miaka sitini na mmoja. Nimekuja kuomboleza, lakini nakiri mapema: hadithi yake hainikalishi kitini!

Nimeipata kwa mkewe, Mama Libérate, muuza pazia wa Barabara ya Umbilo. Tumfuate yeye.

Libérate na mumewe waliikimbia bunduki kwao, mtoto wao Sonia akiwa mgongoni. Basi fikirieni alivyoruka siku alipokuta maganda ya risasi yamepangwa mezani kwake, kando ya sahani ya maharage.

"Baba Sonia! Risasi tulizikimbia, sasa unazilea humu ndani?"

"Mama Sonia, tulia. Haina baruti. Ni shaba tu, iko ya Laetitia."

Laetitia ni muuguzi, Mkongo aliyepata uraia wa hapa, mwimbaji mwenzao wa kwaya. Ana leseni na bunduki ya mashindano ya shabaha. Watu wa mchezo huo hawatupi ganda lililokwisha kufyatuliwa. Hulijaza upya wenyewe. Ila shingo ya ganda, pale kichwa cha risasi kinaposhikwa, huwa nene upande huu na nyembamba upande ule, na risasi huenda kombo. Kwa hiyo shingo huchongwa mpaka unene uwe sawa pande zote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Méthode. Hakugusa baruti, hakufyatua hata mara moja. Alichonga shingo, basi.

Miaka mitatu alichonga kwa mkono, akizungusha kila ganda ndani ya kifaa kidogo chenye kisu. Mchana alikuwa kwenye mashine za kiwandani. Kisha mashine moja ikamng'ata. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaenda, na kazi ikaenda navyo. Zikabaki shingo za Laetitia tu, na hata hizo, akichonga tatu, mkono unakakamaa.

"Aliniambia, 'Mi si fundi tena,'" anasema Libérate. "Yule mwanaume nilimjua tangu ujana. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo."

Kumbe mtihani hauji mmoja. Laetitia akachaguliwa kwa mashindano yake makubwa ya kwanza. Maganda hamsini, wiki mbili! Akaja nayo kwenye kisanduku, akauona mkono ule.

"Papa Méthode, kama inauma nitapelekea fundi mwingine. Hakuna shida."

"Shida iko," alisema Méthode. "Acha hapa."

Kesho yake Libérate yuko kwa mteja Glenwood, juu ya ngazi, pazia begani. Anaingiza mkono kwenye begi. Drili hakuna! Drili yake ya betri, anayotobolea kuta apate kutundika fimbo za pazia! Akapiga simu.

"Méthode, drili yangu iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazi gani? Mi niko juu ya ngazi!"

Simu ikakatwa. Hebu waza, wasikilizaji, mwanamke yule aliteremkaje ile ngazi.

Alimkuta barazani. Ganda limebanwa kwenye mdomo wa drili, kifaa cha kuchongea kipo mkono wa kushoto, na sakafuni maganda matano yameharibika. Matano! Méthode alikuwa amebonyeza kifyatulio mpaka mwisho. Shaba ikapata moto, ikang'ang'ania, kifaa kikamzungusha kiwiko, na shingo zikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Libérate alikuja na maneno yake yote tayari mdomoni. Akamtazama mumewe machoni, akayabadili.

"Weye unaikimbiza," akamwambia. "Ukuta wa zamani ukiukimbiza unapasuka. Bonyeza kidogo. Usiikimbize."

Méthode akaweka mwendo wa chini. Tone la mafuta. Akaanza kuimba besi, wimbo wa kwaya wa polepole kuliko zote, na drili ikaunguruma naye. Ubeti mmoja, shingo moja. Kisha pumzika, shaba ipoe. Akapima. Sawa pande zote! Akapima tena. Sawa! Ubeti wa tatu Libérate naye akadaka sauti yake ya alto. Laetitia akaleta matano ya akiba, na hamsini zikatimia kabla ya siku.

Uwanja wa shabaha Méthode alikuwa hajawahi kuukanyaga, maana mlio ulimrudisha kule walikokimbia. Siku ile akasema, "Leo nataka kusikia." Mlio wa kwanza ulimshtua, akaushika mkono wa mkewe kwa vidole vyake vitatu. Wa tano alikuwa anahesabu. Wa kumi alikuwa amesimama! Na matokeo yaliposomwa, Laetitia alikuwa wa tatu kati ya watu thelathini na wanane!

"Eish, alipiga kelele mpaka wakamwambia akae," anacheka Libérate. "Njiani ananiambia, 'Mama Sonia, mi ni fundi.'"

Alikuwa fundi kwa miaka sita mingine. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alisinzia kwenye kiti chake na hakuamka. Barazani kilibaki kisanduku cha Laetitia. Shingo thelathini na nane zilikuwa tayari. Kumi na mbili bado.

Laetitia alipokuja kutoa pole alitaka kukichukua kimyakimya. Libérate akamzuia. Mama yule, aliyekuwa hataki hata kuona ganda mezani, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaweka mwendo wa chini, tone la mafuta, akaimba. Ubeti mmoja, shingo moja. Mara kumi na mbili.

Jumamosi iliyopita Laetitia alishindana nazo. Akanipigia simu akilia na kucheka. "Nilizichanganya zote. Kwenye shabaha zimeingia mahali pamoja, unaweza kupafunika kwa kikombe. Ya papa na ya mama, sijui ni ipi."

Mama Libérate, Sonia, na wanakwaya wote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: aliye karibu nasi anaposema yeye si fundi tena, tunamwonea huruma tu, au tunamshikia kazi mpaka aiweze?

Nilipoaga nilimuuliza Mama Libérate drili iko wapi sasa. Akasema, "Nimeirudisha kwenye begi ya pazia. Lakini siku hizi nikitoboa ukuta naimba besi."