Fundi Sikio na Oili Ngeni Aliyoianzia Nyumbani

Miaka thelathini na sita, miezi minne, na siku kadhaa ambazo mhasibu anazijua yeye. Huo ndio muda ambao Fundi Mkuu wa karakana ameitumikia hospitali yetu, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita, saa kumi jioni, atatundika ovaroli yake na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Waliopanga sherehe wameniomba niandike maneno machache, maana nimepiga deki karakana ile kwa miaka ishirini na minane na yule mtu namjua kuliko wanavyomjua wao. Machache siyawezi. Mtanivumilia.

Aliingia hapa kuosha magari. Alipewa ndoo, tambara na mpira wa maji uliotoboka, akaambiwa asiguse kitu kingine. Fundi aliyekuwapo zamani alinisimulia kwamba kijana yule akimaliza kuosha hakuondoka; alibaki ameinamia boneti kama mtu anayenong'onezwa umbeya. Baada ya miaka miwili akawa msaidizi, baada ya saba akawa fundi mwenye cheti, na miaka kumi na tisa hii ya mwisho amekuwa Fundi Mkuu.

Jina la Sikio alilipata kwa haki. Madaktari wetu huvaa vipimo vya kusikilizia moyo shingoni. Yeye ana bisibisi ndefu. Huweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anasema, "Vali ya tatu inalia," na ukiifungua unaikuta inalia kweli. Siku moja tulikuwa kwenye kikao, mkubwa mmoja mgeni anahutubia, Sikio akanyanyuka na kutoka nje. Tukaona aibu. Akarudi na mkanda wa feni mkononi, umebaki uzi mmoja. Ulikuwa wa gari la yule mgeni, lililokuwa linanguruma uani. Hata mimi hakuniacha. Nilikuwa napanda ngazi na ndoo yangu, akaniambia, "Bibi, goti lako la kushoto linataka grisi." Nilimtukana. Mwezi uliofuata daktari wa mifupa aliniambia yaleyale, kwa maneno marefu zaidi.

Katika miaka hiyo kumi na tisa, hakuna gari letu la wagonjwa lililozimika injini njiani likiwa na mgonjwa ndani, hata mara moja. Pancha tumepata. Matope yametunasa, ng'ombe wametuzibia njia. Injini kuzima, hapana. Magari ni manne: matatu ya umri wa kati, na moja kuukuu tunaloliita Bikizee. Nani asiyejua Bikizee? Nusu ya watoto wa mji huu mama zao waliletwa kujifungua ndani yake.

Sasa nifike kwenye habari ambayo mimi naona ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, na haimo kwenye cheti chochote.

Miaka mitatu iliyopita oili tuliyoizoea ilikoma kuletwa. Stoo ilibaki na ya kumwaga mara moja tu katika magari yote, basi. Ikaja oili ngeni kutoka ng'ambo, mapipa kumi na matano, mazuri, yanang'aa. Maandishi yake yalikuwa vijumba na vijiti. Daktari wetu anayejua lugha nne aliyakodolea macho akasema hii ni ya tano. Namba tu ndizo zilizosomeka, nazo hazikuwa namba tulizozizoea. Sikio akachota kidogo, akaichuruzisha kwenye kidole. Ilikuwa nyepesi kama chai ya bahili. Mafundi wakaguna. Wao wamelelewa na oili nzito inayoshuka polepole, inayojua kujivuta.

Katibu wa hospitali alisimama mlangoni na karatasi zake. "Fundi, oili ni oili. Jumatatu mwage kwenye magari yote manne."

"Nipe wiki nane niijaribu," akajibu Sikio.

"Wiki nane za nini? Pipa limeandikwa ni ya magari!"

"Limeandikwa, mkuu. Nisomee."

Katibu akalitazama pipa, akamtazama Sikio, akampa wiki sita.

Tulidhani ataijaribu kwenye trekta la kukatia nyasi. Kesho yake asubuhi nilimkuta uani amelala chini ya gari lake mwenyewe, lile dogo la kijivu, anafungua nati ya chini, oili chafu inamwagika kwenye beseni. Hapo ndipo nilipoangusha fagio.

Ngoja niwaambie wageni kwa nini niliangusha fagio. Mke wa Sikio figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, lazima afikishwe kwenye mashine ya kusafisha damu, nayo sisi hatuna. Iko mji wa jirani, mwendo wa dakika arobaini, na katikati kuna kilima kirefu. Akikosa siku moja anavimba. Akikosa siku mbili, sitaki kuandika. Basi hawezi kupanda, maana akitoka kwenye mashine hawezi hata kusimama. Sikio humpeleka alfajiri, akarudi kazini, akamfuata jioni. Kwa gari lipi? Hilohilo la kijivu. Hana lingine.

Nikamwambia, "Wewe baba, una akili au zimemwagika na hiyo oili? Uko tayari kumwua mwenzio kwa sababu ya pipa?"

Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono bila haraka. "Bibi," akasema, "wanaopanda yale magari meupe nao ni wake za watu. Nitammwagia mke wa mtu kitu ambacho sijammwagia wangu?"

Mimi si mtu wa kukubali kushindwa, mwulizeni yeyote. Kwa hiyo nikafanya kinachofanywa na mwanamke mwenye akili: nikaenda kumsemea kwa mkewe. Nilimkuta amekaa kitandani anachambua nguo za kukunja. Nikamwaga yote: mwenzangu, mumeo amekutilia oili isiyosomeka, mkwamie njiani ufe. Akacheka mpaka akakohoa. "Shoga yangu, umechelewa. Jana ile tuliyoanza nayo nyumbani, faneli nilishika mimi." Yaani hiyo ya uani ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza waliimwaga wawili ili isuuze injini, ya pili ndiyo ya kazi.

Nilirudi nikaokota fagio langu.

Kila Ijumaa alichomoa stiki ya oili, akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, akaandika tarehe na kilomita, akaibandika kwenye ukuta wa chumba chetu cha chai. Tone likitandaa, katikati panabaki peusi, pembeni panazunguka duara la rangi ya asali. Alizitazama zile karatasi kama wengine wanavyotazama picha za harusi. Wiki ya kwanza tone lilikuwa jeusi tii, na mafundi wakaanza kelele: imekufa hiyo, imeungua, oili gani inakuwa nyeusi siku tano?

Yeye akanigeukia mimi. "Bibi, ukipiga deki wodi ya wanaume, maji ya ndoo yanabaki meupe?"

"Yakibaki meupe sijapiga deki. Nimetembeza tambara tu."

"Haya," akawaambia mafundi, "mmemsikia mwalimu." Ile oili ilikuwa inang'oa uchafu ambao oili yetu nzito iliulea miaka yote. Tangu siku hiyo wananiita Mwalimu wa Oili, na wala sikatai.

Asubuhi gari lake lilianza kuwaka kwa mguso mmoja. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne, tone likaanza kung'aa. Katibu akapita, akaona, akasema si nilikwambia. Mafundi nao wakasema mwaga, Fundi, tumalize. Yeye akasema bado wiki mbili.

Jumatano ya wiki ya tano, katikati ya kilima, taa nyekundu ya oili iliwaka. Mkewe yuko kiti cha mbele, hajafika kwenye mashine. Mtu mwingine angekaza mwendo afike. Dakika kumi zilikuwa zimebaki tu. Sikio alizima injini palepale, akasogea pembeni, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akachomoa stiki. Ilikuwa kavu. Jumatatu ilikuwa imejaa, na mabomba yote yalikuwa makavu. Akalala chini, akatazama kwa tochi, akaona ilikotokea: sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili isitoke. Oili nzito ilikuwa inaziba ufa wa ile sili kuukuu kwa uzito wake tu. Hii nyepesi ikaona ufa, ikapita. Alikuwa na galoni kwenye buti. Akajaza, akafika. Mkewe alichelewa saa nzima kwenye mashine, wauguzi walikuwa wamemshikia kiti.

Siku ile aliporudi karakana nilimpa chai, akaiacha ikapoa. Miaka ishirini na mitano nilikuwa sijawahi kumwona akiacha chai yangu. Nikaendelea kupiga deki.

Mchana uleule alishusha giaboksi ya gari lake peke yake, akabadilisha sili, na kabla jua halijazama alikwenda kumchukua mkewe. Akamalizia wiki zake. Kisha akaingia kwa katibu na karatasi sita zenye matone akasema: matatu yamwagieni, sili zake nzima, nimezikagua. Bikizee msimguse. Sili zake zina umri wa sili yangu. Mkimmwagia kabla ya kubadilisha, atakauka njiani.

Katibu, nimpe haki yake, alizipitia karatasi zote sita. Kisha akatoa daftari akaagiza sili. Bikizee alipofunguliwa, ile ya nyuma ilivunjika mkononi mwa fundi kama biskuti. Wiki hiyohiyo, kabla hajafunguliwa, alikuwa amebeba kina mama watatu. Fikirini wenyewe kama ile oili ingemwagwa ile Jumatatu. Mimi nikifikiri, nywele zinanisimama, na nina nywele chache.

Nilidhani habari inaishia hapo, na ningeiandika hivyo. Lakini wiki iliyopita, kabla ya kushika kalamu, nilikwenda kumsalimia mkewe nihakikishe sijakosea kitu. Akanirekebisha. Akasema pale kilimani, taa ilipowaka, mumewe alimwambia basi, yamekwisha, leo jioni narudisha oili ya zamani, sitakuchezea tena. Alikuwa analia, yule Sikio wetu. Na mama yule, miguu imevimba, damu yake inamngoja kwenye mashine, akamjibu hivi: "Ukiirudisha leo utajua kuwa ilivuja. Hutajua kama ukitengeneza itashika. Na huyo Bikizee atabaki bila jibu. Tengeneza, tuendelee."

Siku nne za mashine zilizofuata walipita kilima kile pamoja, kwenda na kurudi, kwa oili ileile. Mtu wa kwanza yumo kwenye daftari la mishahara. Wa pili hakuwahi kuandikwa popote mpaka leo, nami ndiye ninayemwandika.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga viti, msiweke kimoja mbele. Wekeni viwili, na cha mama kiwe na mto, maana tarehe thelathini ni Jumatano, siku yake ya mashine, na atakuja akiwa amechoka. Sisi madereva, mafundi, wauguzi, wapishi na wapiga deki tunasema asanteni. Sikio, umetusikilizia injini zetu kwa uaminifu. Wewe mama, ulimshika asirudi nyuma. Nendeni nyumbani. Mungu awape afya, usingizi mzuri, na asubuhi nyingi ambazo hakuna anayewangoja mahali. Na mkipata nafasi, tupitieni. Chai yangu bado ni nzito.