Fundi Aliyejaribu Mlango wa Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa kufuli ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo. Alitutoka wiki mbili zilizopita. Saratani ya utumbo mpana.

Kama hukumjua, ngoja nikuonjeshe. Mzee Funguo akikufungia kitasa kipya, hakuachii mlango hivi hivi. Anajifungia ndani, anafungua, anatoka, anarudi tena. Siku moja alijifungia kwenye choo cha mteja, ufunguo ukagoma. Majirani wakamtoa kupitia dirishani. "Heri nikwame mimi kuliko mwenye nyumba," alisema. Kila alipokisimulia kisa hicho, dirisha lilizidi kuwa dogo.

Ugonjwa ulipogunduliwa, ulikuwa umeshafika kwenye ini. Daktari akamweleza kwamba atapata dawa za kawaida. Tena kuna utafiti wa dawa mpya, anaweza kujiunga akipenda. Dawa hiyo huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Na akitaka kujitoa, ajitoe siku yoyote, matibabu yake ya kawaida yataendelea. Narudia, wasikilizaji: siku yoyote, na matibabu yanaendelea.

Mzee Funguo aliuliza maswali mpaka chai ya daktari ikapoa, ndipo akatia sahihi. Lakini ziara ya pili, kabla ya sindano ya utafiti, akachukua kofia yake. "Leo sitaki," akasema. Muuguzi akamjibu, "Sawa, baba. Miadi yako ya dawa za kawaida iko palepale."

Akapita kwenye korido, akapita foleni ya dawa, akafika getini. Hakuna aliyemkimbilia. Mlinzi akamuuliza, "Mzee, ndiyo unaondoka?"

"Hapana, mwanangu. Najaribu mlango."

Kumbe mlinzi hakuwahi kusikia habari za utafiti huo, na anafanya kazi hapohapo. Mzee akamweleza yote, kisha akarudi ndani kuchomwa sindano yake.

Alipata nafuu, akarudi kwenye meza yake ya kuchonga funguo. Baadaye ugonjwa ukaja na nguvu mpya, na safari hii haukumwacha.

Msibani maneno hayakukosekana. Watu walinong'ona kwamba madaktari wamemmaliza kwa majaribio. Mdogo wake wa kike, msusi, aliyasikia yote. Na yeye, wasikilizaji wapendwa, amepatikana na ugonjwa uleule. Uleule. Akasema mbele ya watu, "Mimi hospitali sirudi."

Mjane wa marehemu akamshika mkono. "Wifi yangu, nisikilize. Kaka yako aliona damu chooni, akanyamaza mwaka mzima kwa aibu. Hata mimi mkewe alinificha. Mwaka ule ndio uliomuua, si utafiti. Wewe umewahi. Usijicheleweshe kwa maneno ya watu."

Jumatatu wakaenda wote wawili. Msusi akaelezwa matibabu yake, akaelezwa pia kuhusu utafiti. Akainuka bila kuaga. Korido, foleni ya dawa, getini. Mlinzi alikuwa yuleyule. Akamtazama usoni, akaiona sura ya kaka mtu.

"Dada, unajaribu mlango?"

Msusi akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mlinzi akampisha kwenye kiti chake. "Uko wazi," akamwambia. "Kaka yako naye aliukuta wazi."

Alipotulia, alirudi ndani kwa miguu yake mwenyewe. Matibabu ameshaanza. Kama atajiunga na utafiti ama la, hilo ni lake, na bado anauliza maswali. Ni damu ya Mzee Funguo hiyo.

Kwa mjane, watoto na msusi wetu: poleni sana. Nasi huku studio tumeumia, maana kitasa cha mlango huu alikifunga yeye. Mola amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, fikiria nyumbani kwako ni nani anayenyamaza kwa aibu. Muulize kwa upole. Halafu msindikize mpaka getini, na uingie naye.