Tezi Zilizopimwa kwa Tepu

Basi lilipoondoka, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alimweleza mama muuza viatu, jirani yake wa kiti, kwamba binti yake, aliyesimama kando yao, amevimba tezi za shingoni miezi minne sasa. Daktari alizipapasa, akasema huenda ni mabaki ya mafua, akachukua damu, akawaambia warudi leo kwa majibu.

"Mimi siamini vidole vitupu," fundi alisema. "Kila asubuhi napima shingo kwa tepu. Imeongezeka sentimita nzima."

"Na miguu je, baba?"

"Miguu haina tezi hizo, mama."

"Mwaka huu amebadilisha saizi ngapi za viatu?"

"Mbili."

"Sasa ulitaka mguu ukue, shingo ibaki ya mwaka jana?"

Waliokaa nyuma wakacheka. Hoja ilikuwa sahihi, ingawa haikuthibitisha lolote kuhusu tezi.

"Kipimo ni kipimo," fundi alisema, kwa sauti ndogo kidogo.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, binti aliruka ngazi zote tatu kwa mpigo mmoja.

"Mgonjwa wako huyo," mama alisema.

"Ngoja kwanza nisikie majibu," fundi alijibu, akateremka ngazi moja moja.