Mama Mifuniko na Jirani Yake wa Kibarazani

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa kinu hicho na mama yake alishona magunia. Bibi alikuwa akisema kuwa mtoto huyu alijua kupaza sauti kabla ya kujua kusema, maana kinu kiliunguruma kutwa na mpole hakusikika. Hata uzeeni, mama akinong'ona jikoni, jirani aliitika.

Alianza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Alifaulu. Nafasi ya kuendelea ilikuwapo, ila ada ilikuwa ya mtoto mmoja, na kaka yake alikuwa mbele yake. Hakulilia jambo hilo mbele za watu. Alituambia tu, "Mimi nilifaulu mtihani, nikafeli kuzaliwa."

Akaajiriwa kuosha vyombo mgahawani, karibu na stendi. Huko alikutana na baba yetu, fundi bomba aliyekuja kuzibua karo na akarudi mara nyingi kuliko karo ilivyoziba. Walioana tarehe 9 Juni 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Mgahawani ndiko alikogundua kwamba sufuria huishi kuliko mfuniko wake. Mifuniko hupotea, huazimwa, hukanyagwa. Mwaka 1986 akatandika turubai kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, akaanza kuuza mifuniko mitupu, mipya na mikuukuu aliyoinyoosha kwa nyundo. Watu walimcheka. Baadaye wakamwita Mama Mifuniko, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti.

Miaka miwili baadaye akaja jirani pale kibarazani, muuza ndoo na mabeseni. Tulimwita Mama Ndoo. Wakawa chanda na pete. Mmoja akienda kujifungua, mwingine aliuza vya wote wawili. Siku moja kijana kapera alikuja amebeba sufuria ya mchuzi wa moto, anatafuta mfuniko wa kuitosha, mchuzi unamchuruzikia miguuni. Mama Ndoo akasema, "Mwenzangu, huyu hatafuti mfuniko, anatafuta mke." Mama yetu akajibu, "Basi muuzie ndoo kwanza, aoshe miguu ya kwendea ukweni." Walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kuna nini.

Februari 2009 baba alipigwa na kiharusi. Mwezi huohuo watu wa kibarazani waliambiwa wataondolewa, na kila mwenye biashara akajiandikishe apewe kizimba katika soko jipya. Mama alikuwa wodini, akimgeuza mumewe ubavu huu na ubavu ule. Mama Ndoo akamwambia, "Wewe muuguze shemeji. Mimi nipo, nitatuandikisha sote wawili."

Aliandikisha majina mawili kweli. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la binti yake, ambaye alikuwa ameachwa na mume akiwa na kichanga mgongoni.

Baba alifariki tarehe 3 Machi. Msiba ulipokwisha, mama akaenda soko jipya na turubai lake begani, akamkuta yule binti anapanga bidhaa kwenye kizimba. Mama Ndoo akaanza, "Mwenzangu, mtoto hakuwa na pa kushika..."

Mama akamkatiza. "Ungeniambia, ningempa mwenyewe kwa mkono wangu."

Akageuka, akaondoka. Hakumsemesha tena mwanamke yule hadi anakufa.

Alihamia kichochoro cha nyuma ya soko, penye mtaro, ambako mteja hufika akiwa amepotea njia. Kila asubuhi alisukuma toroli la mifuniko kwenda na kila jioni kulirudisha, kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kufunga. Mdogo wetu wa mwisho aliacha chuo mwaka huo, akaenda kumsaidia kusukuma. Mambo haya hatuyasemi ili mtuonee huruma. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa.

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Alilazwa Mei mwaka huu wa 2023. Mama Ndoo alikuja wodini na chupa ya uji, akasimama nje ya mlango, akatutuma tumuulize kama anaweza kuingia. Mama alikuwa macho kabisa. Akasema, "Mwambieni nimelala." Mlango ulikuwa wazi. Mama Ndoo aliweka chupa sakafuni, akaenda zake. Uji ule haukunywewa. Mama alifariki tarehe 2 Juni.

Mjomba wetu, yule kaka yake mama, alipousoma wasifu huu alitushauri tuandike kwamba marehemu aliwasamehe wote. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. Tumekataa, mjomba, utuwie radhi. Mama hakusamehe. Alitulea, alitupenda, aliumizwa, na hakusamehe. Tukimwandika vingine tutakuwa tunamzika mtu mwingine.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kaka yake na wadogo zake watatu. Ameacha pia mama mmoja aliyekaa kule nyuma kabisa, aliyefika nyumbani juzi kabla ya majirani wote. Ndoo zote mnazonawia mikono leo ni zake. Hatukumwita, wala hatukumfukuza. Tulipomuuliza tumwandike kama nani, alitikisa kichwa, akasema, "Msiniandike, wanangu. Hatapenda."

Tumemwandika: rafiki yake.

Mama, amani uliyoinyima nafsi yako hapa, uikute huko uendako.